Dobi wa Hospitali na Shuka ya Uzi wa Njano

Saa mbili asubuhi, dobi wa hospitali anaanika shuka ya hamsini. Anaikung'uta mara moja, anaitandaza kwenye kamba, kisha anashika pembe yake na kuutazama uzi, kama mama anayekagua nyuma ya masikio ya mtoto anayedai ameoga.

Uzi wa kijani ni wodi ya wanaume. Mwekundu ni watoto. Wa njano ni wodi ya wazazi. Alama hizo amezishona kwa mkono wake kwa miaka kumi na tisa, ndiyo maana wauguzi humwita Mama Uzi. Kwa siku hupitisha shuka mia moja na arobaini, na hajawahi kuipeleka hata moja kwenye wodi isiyo yake.

"Shuka zikichanganyika, magonjwa yanachanganyika," anasema. "Mimi sichanganyi. Wanaochanganya ni wenye kalamu."

Miaka mitano iliyopita, wakati wa vita, kombora la jeshi liliangukia wodi ya wazazi. Walikufa akina mama saba na mkunga mmoja. Mmoja wa akina mama hao alikuwa mdogo wake Mama Uzi, tumbo moja, aliyejifungua mtoto wa kike siku iliyotangulia.

Siku mbili baadaye, gazeti moja kubwa lilitoa picha ya kamba hii hii kwenye ukurasa wa kwanza. Chini yake paliandikwa: "Shuka za waasi waliofichwa hospitalini." Mwandishi wa vita alieleza kwamba waliokufa wote walikuwa wapiganaji.

"Mdogo wangu, mpiganaji!" Mama Uzi analisukuma beseni kwa mguu, maji yanaruka. "Yule akiona kuku anachinjwa alikuwa anakimbilia chooni. Silaha yake ilikuwa mwiko!"

Kwenye picha, pembe ya shuka inaonekana wazi. Uzi ni wa njano.

Kinachomuuma zaidi ni kwamba mwandishi yule hakuwa mtu mbaya. Siku ile alimpa Mama Uzi simu yake ampigie mama yao. Alibeba machela pamoja na wahudumu mpaka shati likaloa.

"Sitamnyima haki yake," anasema. "Mkono wake ulikuwa mwema. Kalamu yake ndiyo ilikuwa na wenyewe."

Mwandishi alikuja kwa gari la jeshi, akaondoka kwa gari la jeshi. Alilala kambini kwa wanajeshi, akala sahani moja nao.

Mama Uzi alizitafuta ripoti sita za mwandishi huyo, akachukua sindano. Penye jambo aliloliona kwa macho, alipitisha uzi mweupe chini ya mstari. Penye aliloambiwa, mweusi. Ripoti ya daraja lililobomolewa ni nyeupe karibu yote.

"Hii ni kweli. Hata mimi nilipita pale, nikavuka kwa miguu."

Ripoti ya hospitali ni nyeusi tii. Wamenukuliwa watu watano, wote wa jeshi. Hakuna daktari, hakuna mgonjwa, hakuna hata mlinzi wa geti.

"Nilikuwa hatua nne kutoka kwenye kamera yake, mikono imejaa povu. Angesema tu, 'Mama, hizi shuka za nani?' Ingemgharimu nini?"

Mwezi uliopita alimpigia simu mhariri. Anasimulia huku akiigiza sauti nzito: "'Mama, mwandishi wetu alikuwepo.' Nikamwambia, hata mimi nilikuwepo, baba, tena mimi nilikuwa na sabuni."

Mhariri aliahidi mistari miwili ya masahihisho, ukurasa wa kumi na nane, chini ya matangazo ya viwanja. Mama Uzi alikataa.

"Wanitukane sebuleni, radhi waniombe jikoni?"

Wiki iliyopita mwandishi mwenyewe alimpigia simu. Alisema aliambiwa na kamanda kwamba shuka zile ni za waasi. "Nikamuuliza, mwanangu, kamanda ndiye aliyekuwa anafua? Akasema, 'Mama, njoo Jumatatu kwa mhariri. Nitakuwepo.'"

Mtoto yule wa mdogo wake alinusurika, anaishi na Mama Uzi na ameanza shule. Juzi alirudi nyumbani akiwa amenuna, hata begi hakuvua. Aliuliza, "Mama mkubwa, muasi ni mtu gani? Wanasema mama yangu alikuwa muasi."

Swali hilo ndilo limemfanya Mama Uzi afungue sanduku. Ndani yake kuna shuka ile ile ya pichani, ambayo hospitali iliitupa kwa sababu doa liligoma kutoka, naye akaiokota. Jumatatu ataitandaza juu ya meza ya mhariri.

"Sitapiga kelele, nimeshapiga za kutosha. Nitamwambia mwandishi ashike pembe, ataje rangi ya uzi kwa sauti. Halafu aiandike palepale alipouweka uongo wake, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa zile zile. Huyu mtoto anajifunza kusoma. Gazeti lake la kwanza nataka liwe hilo."