Mgiriki Tunampigia Makofi, wa Kibosho Tulimnyamazisha

Jumamosi tulimzika Kibosho mwalimu mstaafu niliyefahamiana naye kwa miaka mingi, mtunzi wa maigizo ya kuchekesha. Unafiki niliousikia pale kihambani kwake, kwenye migomba ya ukoo, ulinichefua. Mfanyabiashara mmoja, mzaliwa wa huko anayeishi Dar na kurudi nyumbani huku Kilimanjaro kila Desemba, alishika kipaza sauti akatangaza kwamba marehemu alikuwa sawa na yule Mgiriki wa kale ambaye vichekesho vyake vinachezwa hadi leo, zaidi ya miaka elfu mbili tangu afe. Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Sijui kama tajiri huyo amewahi kusoma hata ukurasa mmoja wa Mgiriki wake.

Marehemu alikuwa amemsoma. Alichompendea ni kwamba aliwadhihaki wakubwa wa mji wake huku wamekaa viti vya mbele. Basi naye akathubutu. Kwenye mahafali ya shule aliyofundisha alionyesha igizo la tajiri anayekuja kula Krismasi nyumbani, gari linakwama topeni, anaapa mbele ya padri kwamba atachonga barabara ya kijiji, kisha greda linachonga hadi getini kwake na kugeuza. Wazazi walicheka wakashika mbavu. Mgeni rasmi hakucheka, kwa kuwa geti lilikuwa lake, naye ndiye huyuhuyu wa kipaza sauti. Wiki iliyofuata kamati ya shule ikamwita mwalimu.

"Utani una mipaka, mwalimu," mwenyekiti alimwambia. "Huyu ndiye anayetujengea bweni."

"Kwani nimesema uongo wapi?"

Wajumbe tulipiga kura, maigizo yakapigwa marufuku, na tangu siku ile hakuandika tena.

Jumamosi mjane wake aliomba jambo moja tu: kabla ya kuzika, wanafunzi wa zamani wasome kipande cha igizo lile. Daftari alikuwa nalo mkononi. Mzee wa ukoo akamkatalia. "Mama, tuko msibani, na mgeni wetu yupo." Mjane akanigeukia. "Shemeji, wewe uliliona. Hebu waambie." Nikamwambia tuwasikilize wazee. Akalirudisha daftari mkobani, akaenda kukaa na wanawake wenzake, na hakunitazama tena.

Ndugu msomaji, tusijisifu kwamba tunathamini sanaa. Mgiriki tunampenda kwa sababu aliowacheka hawakuacha hata mjukuu wa kutunyima bweni. Ushujaa wake hautudai kitu. Wa kwetu alitudai kidogo sana, tukashindwa. Nami namdharau yule tajiri, lakini peke yake asingeweza kumnyamazisha mwalimu. Alihitaji watu waliocheka mahafalini, kisha wakanyoosha mikono kamatini. Mimi nilicheka kuliko wote, na mkono wangu ulikuwa wa kwanza kwenda juu.