Kahawa Aliyoizima Yeshimebet

Walimwita mvivu. Walimwita hivyo mbele ya wenzake wote, katika mkutano wa mtandaoni wa Jumatatu, na aliyesema ni Ato, yaani Bwana, Surafel, msimamizi wa wachoraji katika kampuni moja ya ramani za majengo huko Addis Ababa. Yeshimebet Gizaw alikuwa amekaa peke yake chumbani kwake Kezira, mjini Dire Dawa, akiitazama ile safu ya nyuso kwenye kioo.

"Dada Yeshimebet, tumekupa laptopu mpya kabisa," alisema Surafel. "Wenzako wanatumia kuukuu na wanakushinda. Au ndiyo mambo yenu ya Dire Dawa? Jua likipanda mnajilaza na majani ya mirungi shavuni?"

Nyuso zikacheka.

"Bosi, mashine inapata moto, halafu inapunguza mwendo."

"Hata mimi nikipata moto napunguza mwendo! Nataka michoro ya zahanati Ijumaa. Isipofika, hicho kiti kina watu wanakisubiri."

Sina budi kueleza mwanamke huyu alikuwa nani, kwa maana mtu akishaitwa mvivu watu huacha kumtazama. Alijifunza kuchora kwa kalamu na rula katika karakana ya reli, na karakana ilipokufa akajifunza upya kwa kompyuta, akiwa tayari na mvi. Mumewe alishazikwa. Binti yake wa pekee anafanya kazi za nyumbani Beiruti, na hupiga simu siku za sikukuu, mwajiri wake akiruhusu. Kazi ile ndiyo iliyomlisha. Kahawa ya alasiri ndiyo iliyompa watu. Kwetu Kezira hakuna anayekunywa kahawa peke yake. Ukikaanga buni, harufu hupanda ukutani, na majirani huja bila kualikwa, huketi juu ya majani mabichi, hutafuna bisi na kusengenya mpaka mkupuo wa tatu, ambao ndio wa baraka.

Mashine hizi zina tabia ya kujiokoa. Kichakataji, yaani ubongo wake, kikizidiwa na joto hujipunguzia kasi kisiungue. Yeshimebet alilijua hilo. Alilolitafuta ni chanzo cha joto. Aliisafisha feni kwa brashi, akafunga kila programu asiyoihitaji, akatundika shuka lililoloweshwa maji dirishani. Kisha, ili hewa ipite chini, akaiinua mashine juu ya vikombe vinne vya kahawa alivyovipindua. Alasiri bado mstari wa mchoro uliufuata mkono wake kama punda aliyechoka. Akageuka, akaliona jiko la makaa likiwaka hatua chache kutoka mezani, na ubani ukifuka. Akalishuku. Ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya, na alilifanya kwa uaminifu: akalizima jiko.

Momina, jirani wa mlango wa pili, alifika kama kawaida yake na kusimama kizingitini.

"We Yeshi! Vikombe vya wageni umevifanya miguu ya bati?"

"Si bati, dada. Ni ugali wangu huu."

"Na kahawa yetu?"

"Nimezima kidogo. Makaa yanaichemsha mashine. Mpaka Ijumaa tu, nivumilieni."

"Makubwa haya! Marehemu mumeo hakukukataza kahawa, leo anakukataza mgeni asiye na mdomo! Basi nikuletee hina, muoane kabisa?"

Walicheka wote wawili. Lakini kesho yake harufu ya buni ilitokea nyumbani kwa jirani Zeyneba, na hakuna aliyemwita Yeshimebet. Kwetu, aliyezima jiko ni kama aliyefunga mlango; hagombezwi, huachwa. Siku zile alisikia vicheko vya majirani kupitia ukuta huku akiwa ameinamia zahanati ambayo haikusogea.

Ndipo akaijaribu mashine alfajiri, sakafu ikiwa bado baridi na jiko likiwa na majivu matupu. Akafungua mchoro mzima wa zahanati. Feni ikanguruma kama kinu cha nafaka, kipimo cha joto kikaruka, na kasi ikaanguka kabla hajamaliza ukuta mmoja. Kahawa haikuwa na hatia. Ugonjwa ulikuwa ndani ya mashine.

Akampigia Surafel.

"Bosi, naomba ruhusa niifungue."

"Ifunguliwe ya nini? Mwezi uliopita uliileta, mafundi wakaikagua. Haina kasoro."

"Waliikagua wapi?"

"Hapa ofisini."

"Asubuhi, kwenye baridi ya Addis, na masweta mmevaa? Walifungua mchoro gani?"

"Waliiwasha, ikawaka, wakasoma barua pepe. Unataka wacheze nayo dansi? Sikiliza, mama: juu ya skrubu kuna mhuri. Ukiubandua, dhamana imekufa, na wewe na kazi basi."

Hebu msomaji upime haki hiyo. Kuitengeneza hakuruhusiwa, kuirudisha hakukuwa na maana, na kuchelewa kukaitwa uvivu. Alhamisi Yeshimebet aliutazama ule mhuri mwekundu kwa muda mrefu, kisha akachukua bisibisi akaupasua. Juu ya kichakataji, chini ya bamba la shaba linalopaswa kunyonya joto, alikuta karatasi nyembamba ya plastiki. Iliwekwa kiwandani kulinda grisi ya kupitisha joto, na aliyeiunganisha mashine hakuibandua. Miezi yote hiyo ubongo wa mashine ulikuwa umefunikwa blanketi. Akaiondoa kwa ncha ya kucha, akafunga skrubu, akawasha. Feni ikapumua taratibu. Zahanati ikasogea, ukuta baada ya ukuta, na Ijumaa michoro ikafika Addis kabla ya saa za kazi kwisha.

Surafel aliipokea, akaipeleka kwa mteja. Kisha akampigia.

"Kazi nzuri. Lakini umevunja mhuri, na sheria ni sheria. Irudishe mashine, na kazi basi."

"Bosi, nimekutumia picha ya ile plastiki. Umeiona?"

"Nimeiona. Mhuri pia nimeuona."

Jumamosi Yeshimebet alitandaza majani mabichi, akawasha makaa, akakaanga buni. Momina akapita.

"Harufu nzuri hiyo."

"Karibu, ingia, ndiyo kwanza mkupuo wa kwanza."

"Mungu akuzidishie, mama. Nishakunywa kwa Zeyneba. Siku nyingine."

Alimwita mama, si Yeshi. Yeshimebet akajimiminia, akanywa, na hakuna aliyekuwapo wa kumbariki.

Sasa nasema nanyi, wakubwa wa kampuni hiyo, na wewe Ato Surafel kwa jina. Mrudisheni Yeshimebet Gizaw kazini, katika kiti kile kile. Itisheni mkutano wa Jumatatu, wawepo wote waliocheka, mkatamke kwa sauti ile ile kwamba hakuwa mvivu na kwamba ninyi mlimpa mashine mbovu. Ing'oeni mihuri kwenye mashine zote mlizowagawia watu, au pelekeni mafundi wenu kuzikagua katika joto wanalofanyia kazi watu hao. Hatuombi huruma yenu. Fanyeni hivyo Jumatatu hii.