Mama Vigingi na Namba Iliyotaka Kuchelewesha Wodi

Saa mbili asubuhi, nyuma ya wodi mpya ya wazazi, mwanamke mwenye buti zilizogandiwa na matope anagongelea kigingi cha nne. Vyote vimesimama mstari mmoja, hatua tatu tatu. Anaunganisha nyaya, anabonyeza kitufe cha kipimo, kisha anakunja uso.

"Mia tisa na arobaini," anasema. "Hapa hapafai."

Mafundi humwita Mama Vigingi. Kazi yake ni kupima jinsi udongo unavyopitisha umeme. Vigingi vya pembeni hupeleka umeme kidogo ardhini, vya kati huusoma. Namba ikiwa kubwa, udongo unaunyima umeme njia, na ule waya unaofukiwa ili kupeleka ardhini umeme unaovuja unabaki pambo tu.

Msimamizi wa ujenzi anamjia mbio mbio. Ufunguzi ni Ijumaa, na leo ni Jumanne.

"Mama, tia saini tu. Waya si umeshafukiwa?"

"Umefukiwa kwenye changarawe, baba. Mashine ikivuja, umeme utapita wapi? Kwa mzazi aliyeshika kitanda cha chuma."

Habahatishi. Miaka kumi na minne iliyopita, yeye akiwa bado karani wa stoo kwa mkandarasi wa umeme, mdogo wake wa kike alishika bomba la maji hotelini alikokuwa akifua mashuka, akarushwa chini. Alipona, ila vidole vitatu havikunjiki mpaka leo. Waya ulikuwepo. Udongo ndio haukuwa umepimwa.

"Niliwauliza mafundi wa hoteli nani alipima udongo. Wakanionyesha waya tu," anakumbuka.

Mwezi uliofuata aliacha stoo, akaomba kuwabebea wapimaji vigingi. Leo ameshapima viwanja zaidi ya mia sita.

Msimamizi amenuna, lakini anamfuata kuzunguka jengo. Mara ya tano, kwenye bonde nyuma ya jiko, udongo ni wa mfinyanzi, mweusi, unaong'ang'ania buti. Kipimo kinasoma thelathini na nane.

"Chimba hapa, waya uhamie huku."

Msimamizi anashusha pumzi. "Siku mbili?"

"Moja na nusu, ukiacha kunisimamia kichwani."

Alhamisi mchana anarudi, anapima upya, anatia saini. Wodi itafunguliwa kwa wakati.

Mwakani anakusudia kupima shule za msingi kongwe, kila Jumamosi, bila malipo. Ameorodhesha thelathini na moja.

"Naanza na niliyosoma mimi," anasema, akipakia nyundo. "Bomba la pale lilikuwa likitutekenya vidole. Tulipanga foleni kulishika, tukicheka."