Kulukulu Ambaye Sikumwandika

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa darubini. Nilifika ofisi ya msitu, Kisarawe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, viatu vipya vikinibana, nikamkuta Bwana Misitu, mkuu wetu wa kituo, anakunywa chai amesimama. Akanipa daftari na penseli.

"Kaa kwenye gogo lile, fumba macho, sikiliza mpaka saa nne. Halafu uniambie umepata ndege wangapi."

Nilimwambia kumi na wawili. Akauliza nimewaona wangapi. Nitawaonaje nami nimefumba macho?

"Basi andika sifuri," akasema. "Katika daftari hili haingii ndege ambaye hukumwona kwa macho yako mwenyewe. Sikio linakupeleka kwake tu."

Alikuwa mkorofi, nisiwafiche vijana mnaoianza kazi hii leo. Lakini alituelekeza. Kwake nilijifunza kutembea bila kuvunja kijiti, na kumwonyesha mgeni ndege kwa kuufanya mti kuwa uso wa saa: kileleni ni saa sita, tawi la kulia ni saa tisa. Na simu zenye kupiga sauti za ndege zilipoingia, alizipiga marufuku. "Ndege akisikia sauti ya mwenzake anadhani amevamiwa. Anaacha mayai anakuja kugombana na simu yako."

Nilihamishiwa Gwata kwenye kitalu cha miche, kisha Soga, chini ya Bibi Misitu mmoja mpole asiyemkataza mtu kitu. Huko nikazoea simu. Niliporudishwa Kisarawe, miaka michache kabla ya kustaafu, yule mkorofi alikuwa ameshastaafu yeye, nami nikaona hakuna wa kunifokea.

Ndipo wakaja Mzee Pazi na mkewe, Mama Tatu, kutoka Kibaha, kwa mapumziko ya siku moja mlimani. Vyetu ni vilima tu, lakini mtu aliyekaa ofisini maisha yake yote anahema vilevile. Tulipofika mahali pa kutazamia mandhari, Mama Tatu akafurahia maghorofa ya Dar yaliyoonekana kwa mbali. Mzee alitazama kwa adabu, akanivuta pembeni.

"Dada Mwajuma, nina presha ya macho. Daktari kasema kilichobaki hakitakaa sana. Nilikulia Kurui, tulikuwa tukienda kuni tunawaona kulukulu. Ametulia ni kijani, humwoni. Akiruka, mabawa mekundu. Nyekundu bado naiona. Nataka nimwone leo."

Moyo uliniuma. Nikajiambia leo siiachii bahati kazi hii. Nikatoa simu, nikapiga sauti ya kulukulu mara moja. Akajibu! Sauti ilitoka upande wa bondeni, safi kabisa. Tukashuka. Nikapiga tena, akajibu kutoka kushoto. Tukakata kushoto, Mama Tatu ameinua gauni, mzee ameshika bega langu. Zaidi ya saa nzima tulimfuata ndege yule, nami nikiwaeleza kwa kujiamini kwamba ni dume, na ana hasira.

Tulipozunguka kichuguu kikubwa nikakutana naye uso kwa uso. Alikuwa Bwana Misitu wangu, na kofia yake ileile ya siku za kazi, simu mkononi imeinuliwa juu, nyuma yake wakwe zake watatu wamelowa jasho.

Tulitazamana. Simu yake ikalia kulukulu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba." Akaificha simu mfukoni kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Wakwe hawa, Mwajuma. Niliwaahidi."

Mama Tatu alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Pazi hakucheka. Nguvu zake za kupanda na kushuka zilikuwa zimeishia kwenye simu mbili. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini, nikamwambia ukweli wote, kwamba kwa saa nzima sikuwa nikimfuata ndege yeyote.

"Sasa?" akauliza.

Aliyejibu ni Bwana Misitu. "Sasa tuzime simu zote, tukae." Akatuonyesha gogo.

Tukakaa wote saba, tumefumba macho kama siku yangu ya kwanza. Hondohondo walipita wakipiga kelele. Chozi alikuwa akilialia kwenye maua. Muda ukaenda, mkwe mmoja akaanza kukoroma. Kisha nikasikia sauti nzito, ya kukwaruza, ambayo simu yangu haikuwahi kuitoa vile. Nikamgusa mzee. "Fumbua. Mti ule mkubwa, saa tisa."

Kitu kikaruka.

"Nyekundu," mzee akasema. Kisha akarudia polepole, "Mama Tatu, nyekundu ileile."

Jioni Bwana Misitu alilichukua daftari langu kwa mazoea, akasoma. Hondohondo, chozi, shore, wote niliowaona njiani asubuhi. "Kulukulu mbona hayumo?"

"Sikumwona. Nilikuwa namtazama mzee."

Akalifunga, akanirudishia bila kusahihisha kitu. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa sifa.

Sasa nami nimestaafu, naishi Soga, na nimeridhika. Kila mwezi nawatembelea Mzee Pazi na Mama Tatu pale Kibaha. Macho yake yamefunga kabisa. Juzi alisikia viatu vyangu mlangoni akaniita nikae karibu.

"Dada, hebu nisimulie yule kulukulu alivyokuwa."

Nimeona kulukulu wengi katika kazi yangu, ningeweza kumpamba mmoja nikampa. Nikamwambia, "Aliyemwona ni wewe, mzee. Nisimulie wewe."

Akajiweka sawa kwenye kiti, akanyoosha mkono wake kulia, saa tisa kamili, akaanza.