Hita ya Lori la Baba

Wiki iliyopita fundi aliyekuwa akijaribu swichi za gari langu alifungua hita. Ikatoka harufu ya vumbi lililoungua, nikamwambia aizime upesi. Akacheka, akasema Unguja hii nani ana haja ya hita. Ningeanza kumweleza tungekaa gereji mpaka magharibi, nami siku hizi huchoka haraka na maelezo. Basi nawaeleza nyinyi.

Baba yangu alikuwa na lori kuukuu la kubebea mwani, kutoka Matemwe kuja mjini. Lilikuwa halifiki popote bila kuchemsha, na ubovu huo tuliutia wenyewe. Kila alipokwenda kupakia, Baba alijaza rejeta maji ya visima vya pwani, yale yale aliyokulia akiyanywa, na kwa kuwa ulimi wake haukuihisi chumvi yake, alidhani na rejeta haitaihisi. Ikaota kutu, ikaziba, ikaanza kuvuja. Akabadilisha mipira, akabadilisha kifuniko, akakaza mkanda wa feni, akang'oa thamostati akaitupa. Lori likaendelea kuchemsha kwa raha zake.

Kilichobaki kikawa hita. Ukiifungua huvuta moto wa injini ikauleta ndani, miguuni pako, na injini ikapata nafuu. Kwa hiyo tulisafiri jua la saa sita tukiwa tumewasha hita, jasho likitutiririka mpaka viatuni. Mimi nilikaa mbele kwa sababu macho ya Baba yalikuwa yameshachoka, na kazi ya kuuangalia mshale wa kupimia moto wa injini ilikuwa yangu. Alinifundisha kanuni moja tu: mshale ukipanda na hita ikatoa baridi, ujue maji hayazunguki, tusimame. Hita ikirudi kutoa moto na mshale ukashuka, twende zetu.

Asubuhi moja simu ililia. Bibi, mama yake Baba, amefariki kule Matemwe. Ami Haji, mdogo wake Baba, alisema maziko ni baada ya sala ya adhuhuri, tusichelewe. Baba ndiye aliyekuwa mtoto mkubwa, na yeye ndiye wa kushuka kaburini kumpokea mama yake. Lori lilikuwa limeegeshwa Malindi, pale pale mjini, maana vichochoro vyetu vilikuwa havilipitishi. Mama na majirani wakapanda nyuma, nami nikapanda mbele, tukaondoka.

Kabla ya Mahonda mshale ukapanda na hita ikatoa baridi. Baba akasimama, akangoja injini ipoe, akafungua kifuniko kwa kitambaa, akatia maji, akawasha, moto ukarudi miguuni mwetu. Kinyasini tukafanya yale yale. Tulipopita Mkwajuni, tumekaribia kabisa, likachemsha tena. Akatia maji, akawasha, akakaa.

Mshale ulikuwa umelala chini. Hita ilikuwa ikinichoma magoti.

"Baba, moto umerudi."

"Nnauona."

"Basi twende?"

"Hebu tukae kidogo, mwanangu."

Mama akagonga bodi kwa nyuma. "Baba Zuhura, bado tu?"

"Bado. Linachemsha."

Nilimtazama. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya usukani, injini inanguruma vizuri kuliko siku zote, naye anaitazama barabara kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Adhana ya adhuhuri ikasikika kwa mbali. Tukaisikiliza mpaka ikamalizika, na bado hatukuondoka.

Tulipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini na jeneza tupu. Ami Haji alikuja na kanzu yake ina udongo magotini, akamkumbatia. "Tumekungoja, kaka, mpaka tukashindwa."

"Lori limenichelewesha," Baba alisema.

Watu wote wakaligeukia lori kwa hasira, na mzee mmoja akamshauri aliuze kama vyuma chakavu. Mimi hakuna aliyeniuliza. Baba alikwenda kaburini peke yake, akarudi, akaomba maji ya kunywa, akakaa jamvini na wenzake.

Niliudhika naye kwa miaka mingi. Nilimhesabu kuwa mtu mkavu, aliyeshindwa kwenda kumzika mama yake ilhali gari lilikuwa zima, kisha akasingizia chuma.

Mwaka jana nikiwa kazini Nungwi, kaka yangu alinipigia kunambia Baba hatunaye. Sisi wanawake hatwendi makaburini, lakini ningewahi kumuona uso kabla hajatolewa. Nikatia gari moto. Lilikuwa gari jipya, halina hata mlio. Nilipofika Kinyasini nikaegesha pembeni, nikakaa, na mguu ukakataa kukanyaga mafuta. Kaka akapiga tena, akasema watu wanataka kumtoa, niko wapi. Nikamwambia nipo njiani.

Hapo ndipo nilipomuelewa. Mpaka ufike, ukute mikeka nje na viatu vingi mlangoni, mzazi wako hajafa sawasawa. Amefariki kwenye simu tu. Baba hakuwa mkavu. Alikuwa anajipa dakika za kuwa na mama, akazidisha, zikamgharimu kaburi, na hakuwa na mtu wa kumwambia hayo ila mtoto aliyekuwa akitazama mshale. Nilimsamehe pale pale barabarani. Kisha nikaingiza gia, maana mmoja wetu ilibidi afike.