Ukungu wa Mto Zvirka

Kitu cha kwanza ulichokiona kwa Zumra kilikuwa glavu zake: nyekundu, za sufu, zimekatwa ncha za vidole viwili ili aguse kamera bila kuzivua. Tangu theluji ya kwanza hadi ya mwisho, vidole hivyo viwili vilikuwa na rangi ya zambarau.

Alipiga picha za harusi mjini mpaka studio ikafungwa, akarudi kwa mama yake huku milimani Bosnia. Tangu hapo, kila theluji ilipoanguka alishuka hadi Mto Zvirka, akasimamisha kamera kwenye stendi katikati ya maji, akaliacha jicho la kamera wazi muda mrefu huku amebana pumzi asije akaitikisa. Pichani, mawe yalivaa kofia nyeupe, na maji yaliyokuwa yakikimbia yakatulia, laini kama maziwa. Hakuwa na furaha nyingine.

Kampuni moja ilipotaka kuuingiza mto kwenye bomba la kuzalishia umeme, kijiji kiliishtaki, nayo ikaapa mahakamani kwamba wakati wa baridi Zvirka ni mawe makavu. Kijiji kikamtegemea Zumra. Naye akapeleka picha zake nzuri kuliko zote.

Wakili wa kampuni aliinua moja. "Mheshimiwa, mimi naona ukungu. Maji yako wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Zumra alianza kueleza, kicheko kikamfunika.

"Picha zatosha," hakimu akasema. "Alhamisi nitakuja kujionea mwenyewe."

Njiani kurudi, jirani yake Fikret alimtania. "Dada Zumra, mimi usinipige picha kabisa. Watasema nilikuwa moshi wa sigara."

"Wewe utatoka vizuri tu. Lini umewahi kusogea?"

Alijibu, lakini hakucheka.

Kuamkia Alhamisi ilishuka baridi ya kupasua miti. Kulipokucha, mto haukuonekana: barafu ukingo hadi ukingo, na theluji juu yake. Chini, maji yalinong'ona. Lakini hakimu gani huhukumu kwa mnong'ono? Wanawake walileta mashoka, Fikret akaleta sululu. Walitoboa, maji meusi yakachungulia, barafu ikayafunika tena. Wakatoboa tena.

Mama yake Zumra alimletea kahawa. "Ungepiga picha kama wanavyopiga wenzio, mwanangu. Maji yanakimbia, ungeyaacha yakimbie."

"Najua, mama."

Kamera ilibaki nyumbani. Zumra alipiga magoti, akavua glavu, akauzamisha mkono kwenye tundu na kuuzungusha ili lisizibe. Vidole vilikwisha kufa ganzi. Barabara ya bondeni ilikuwa nyeupe tupu, haina hata alama ya gurudumu.

"Asipokuja je?" mwanamke mmoja aliuliza.

Mara Fikret akainua sululu. "Nyamazeni! Hilo si gari?"

Mashoka yakasita hewani. Zumra, mkono ungali majini, akageuza uso kwenye kona ya barabara, akabana pumzi.