Zamu ya Maji

Karatasi ilikuwa moja tu, lakini Lucie aliandika, akafuta, akaandika tena kabla gari halijatoka Nyalukemba, mtaa wake wa Bukavu. Mzee Polycarpe, katekista wa kijijini kwao Mumosho, alikuwa amempigia simu tangu asubuhi. "Maman Lucie, wewe ndiyo ulisoma katika hii famille. Uandike historia ya marehemu, uisome pale kaburini. Uandike mambo ya kweli. Na isikuwe murefu, mvua iko karibu."

Marehemu alikuwa Godelive, dada yake mkubwa, mtoto wa tumbo moja. Mambo ya kweli. Hapo ndipo kalamu ilipokwama.

Kwa miaka arobaini Lucie alikuwa na hadithi yake, na alijua kuisimulia. Kila mwaka, kwenye misa ya shukrani, alisimama na kitenge kilichopigwa pasi, akasema: "Masera, watawa wa misheni, walikuja kwetu Mumosho kutafuta msichana mmoja wa kupeleka shule ya bweni. Nyumbani tulikuwa wasichana wawili. Mungu akanichagua mimi." Watu walipiga makofi. Shule ilimpa diploma, diploma ikampa kazi ya ofisi, kisha akapata mume mpole, nyumba yenye vigae, na watoto watatu, wote wazima. Godelive alibaki na jembe. Alizaa sita, akazika wawili.

Kanisani hakusema kwamba siku ile ilikuwa zamu yake ya kuteka maji. Kisima kiko chini kabisa bondeni, na kupanda na bidon iliyojaa ni kuvunja shingo. Lucie, wa miaka kumi na miwili, alijikunja mkekani, akashika tumbo, akalia machozi ya uongo. Godelive alimtazama, akacheka, akaichukua bidon. Alipokuwa bado bondeni masera waliingia uani wakamkuta msichana mmoja tu. Walimpa asome mistari miwili ya kitabu, wakaandika jina lake.

Basi. Bahati yake yote ilianzia pale mkekani, na Mungu aliona.

Godelive hakumlaumu hata siku moja. Alimtania tu. Kila alipopanda mjini na kitunga cha maharage, alianza mlangoni, kabla ya salamu: "Mudogo wangu, tumbo inaendelea namna gani?" Akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikalegea. Lucie alichukia, hasa kukiwa na wageni. Alimkalisha jikoni.

Mara ya mwisho, majuma saba kabla ya kifo, umeme ulikuwa umekatika kwa siku mbili. Lucie alilalamika tangu alipofungua mlango: nyama imeoza kwenye frigo, mfanyakazi ametoroka, mume anakoroma kama mashine ya kusaga mihogo. Godelive alisikiliza yote, kitunga mapajani.

"Pole, mudogo," alisema. Halafu, polepole: "Na mimi tumbo inaniuma. Hii ni juma ya tatu."

Lucie alimgeukia dada yake na mwiko mkononi. "Yaya wangu! Na leo tena? Tumekwisha kuwa wazee, na wewe bado na ile maneno!"

Godelive alikiweka sawa kitunga mapajani. Kisha akacheka, lakini safari hii kitambaa hakikulegea. "Aya, yaishe," alisema. Akamimina maharage kwenye beseni, akanywa chai nusu kikombe, akashuka Mumosho.

Kumbe ulikuwa uvimbe. Alipofikishwa kwa daktari, daktari alisema wamechelewa. Na mume wa Lucie huimba kwaya moja na madaktari wawili. Simu moja ingetosha.

Kaburini Lucie alisoma bila kuinua macho: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto. Akafika kwenye sentensi aliyoiandika garini. "Mungu alimpenda dada yetu, ingawa hakumpa bahati."

"Nani huyo hakupewa bahati?" ilisikika sauti nyuma. Ilikuwa Olive, jirani wa Godelive, mwanamke asiyejua kunong'ona. "Godelive? Yule alituchosha na aksanti yake! Mvua inyeshe, aksanti. Mbuzi izae, aksanti. Siku mudogo yake alipata kazi Bukavu, alipikia shirika yetu yote ya kanisa, akacheza mpaka akavunja kiti yangu!"

Waombolezaji walicheka kwa chini, wakijifuta macho. Lucie hakucheka. Habari ya karamu hiyo hakuwa ameisikia kamwe. Aliikunja karatasi.

"Siku masera walikuja," alisema, "zamu ya maji ilikuwa yangu. Nilidanganya kwamba tumbo linauma, naye akaenda badala yangu. Na juzijuzi hapa aliponiambia tumbo lake linauma, mimi nilikataa kusikia."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mzee Polycarpe alivua kofia, akaanza Salamu Maria, na watu wakaitikia.

Waliporudi uani kunawa mikono, kama ilivyo desturi baada ya kuzika, beseni lilikuwa tupu. Lucie alivua viatu vyake vya mjini, akaichukua bidon ukutani.

"Acha, Maman Lucie, vijana wataenda," alisema Olive.

"Hapana. Ni zamu yangu."

Kushuka kulikuwa rahisi. Kupanda, aliteleza mara mbili, magoti yakajaa udongo, maji yakamwagikia kitenge. Watu walisimama wakingoja, mikono bado na udongo wa kaburi, na hakuna aliyethubutu kwenda kumpokea. Alifika na nusu ya bidon.

Aganze, binti mkubwa wa Godelive, alimsaidia kuitua. Alimtazama mama yake mdogo usoni. Lucie ndiye aliyeinamisha uso.

"Unimwagilie maji kwa mikono, maman mudogo," alisema Aganze.

Lucie akamwagilia maji, kidogo kidogo, ili yawatoshe wote.